Ushuru wa dagaa unaondoka na mashine kila asubuhi, kijiji hakibaki na kitu. Tuanzie wapi?

Mwanika Dagaa

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya serikali za mitaa, hasa waliowahi kuwa watendaji, madiwani au wahasibu wa halmashauri. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie, nikifupisha mtanijibu nisichouliza.

Mimi ni mwanika dagaa, mwaka wa kumi na nne sasa, kwenye mwalo mmoja, yaani ufuo wa kutulia mitumbwi, wa mkoa wa Mwanza. Jina la kijiji na la halmashauri ya wilaya nayaacha. Watu nitakaowataja nakutana nao kila siku na sikuja hapa kumshtaki mtu. Novemba 2024 nilichaguliwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, upande wa wanawake, nikapangwa Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango. Nimeishia darasa la saba lakini hesabu naziweza.

Kwetu kazi inafuata giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inalala, siku kama kumi hivi, na sisi tunashona magunia. Giza likirudi mitumbwi inatoka jioni na taa, inatua kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Dagaa wabichi wanapimwa kwa ndoo, tunanunua, tunaanika. Wenye chanja wanaanika juu, wengi wetu mchangani. Wakikauka tunafunga magunia, gari la soko la Kirumba linakuja. Hapo ndipo mtoza ushuru anapokaa, chini ya mwembe, na mashine yake ya POS. Kila gunia linalopanda gari linalipiwa, kwetu ni shilingi 1,500, mashine inatoa karatasi yenye jina la halmashauri, gari linaondoka.

Wanunuzi wengi hawazitunzi hizo karatasi, wanaziangusha palepale. Nikaanza kuziokota. Karatasi ya POS ikipigwa jua siku mbili maandishi yanafutika, kwa hiyo kila jioni nilikuwa nanakili kwenye daftari la mwanangu: tarehe, saa, idadi ya magunia, fedha. Nimefanya hivyo kwa giza moja zima. Nilipata magunia 388, sawa na shilingi 582,000. Hayo ni niliyoyaona mimi tu, na sikai pale kutwa nzima.

Sasa mtazame mwalo wenyewe. Choo kina matundu mawili, tulichanga wanawake tukakijenga. Tundu moja limejaa tangu masika na la pili mlango umeng'oka. Mama mwenye mtoto mgongoni anaingia kwenye matete kabla hakujapambazuka, na hatua thelathini kutoka hapo ndipo watu wanachota maji ya kunywa. Mvua ikinyesha dagaa wa mchangani wanaharibika, tunawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Chanja za kutosha zingetuokoa hapo. Siombi lami wala taa za barabarani. Naomba choo na miti ya chanja.

Kwenye mkutano mkuu mmoja wa kijiji mtendaji alisoma mapato na matumizi. Alipofika kwenye mstari wa fedha kutoka halmashauri akasoma: hakuna. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Ushuru wa hapa mwaloni unakwenda wapi?" Mtendaji akajibu kwamba unaingia akaunti ya halmashauri, ukirudi utarudi. Simlaumu huyu kijana, namwona karatasi za mihtasari ananunua kwa mshahara wake. Lakini watu waliondoka kabla ya kufunga mkutano, na mkutano uliofuata akidi haikutimia.

Ninachotaka kujua: kijiji kina haki yoyote kwenye fedha hiyo, au tunasubiri huruma? Na kama ipo, mtu kama mimi aanzie mlango gani bila kugombana na kila mtu?

Mtendaji Mstaafu

Mayu, mwangaluka. Umefanya jambo ambalo katika miaka yangu 27 ya utendaji wa kijiji na kata sikumwona mjumbe akilifanya. Hilo daftari litunze.

Kwanza ujue umekalia kiti gani. Kijiji kilichosajiliwa si ofisi ndogo ya halmashauri ya wilaya. Ni chombo kisheria, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Kinaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Halmashauri yenu ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25 na inawajibika kwa mkutano mkuu, ambao ni watu wazima wote wa kijiji, unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu. Katiba nayo, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo ukiuliza habari ya ushuru huombi hisani.

Wengi hapa ni vijana, niseme kidogo tulikotoka. Mwaka 1972 serikali ilitangaza madaraka mikoani. Jina lilikuwa zuri, lakini waliopelekwa mikoani walikuwa maofisa wa serikali kuu, na halmashauri zenyewe zilizochaguliwa na watu zikafutwa. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka josho la ng'ombe kijijini kwetu: dawa ilikuwa ikiletwa na halmashauri, ikaacha kuja, majani yakaota ndani ya josho na hakuna aliyejua amuulize nani. Sheria za kuzirudisha zilipitishwa 1982 na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi 1984. Tangu hapo tumekuwa tukivutana. Sera ya 1998 ikasema ugatuaji: siasa, fedha, utumishi, vyote vishuke. Kisha 2003 kodi ya maendeleo na ushuru mwingine mdogo mdogo vikafutwa, wananchi wakapumua, lakini kijiji kikabaki hakina cha kukusanya.

Hapo ndipo inapokuja asilimia 20. Utaratibu ni kwamba halmashauri irudishe sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani kwa vijiji na mitaa. Tatizo ni kwamba ni mwongozo. Ile asilimia 10 ya mikopo ya vikundi, yaani 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, imeandikwa ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa tangu 2018. Mkurugenzi akiikosa anajua atahojiwa kwa kifungu. Asilimia 20 haina kifungu cha namna hiyo, kwa hiyo fedha ikibana ndiyo ya kwanza kuachwa. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali ameliandika hilo kwenye taarifa zake mara nyingi, kwamba halmashauri hazipeleki.

Mlango wa kuanzia: usianze na mkurugenzi, wala usiende kwa mwandishi wa habari. Peleka daftari kwenye kamati yako ya fedha. Kamati ipeleke halmashauri ya kijiji, muandike azimio kwenye muhtasari, likathibitishwe na mkutano mkuu. Azimio liseme kitu kimoja kinachoonekana: choo cha matundu sita mwaloni. Muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani wenu ndiye mwenyekiti. Na lifike kabla Desemba haijaisha. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai lakini vipaumbele vya vijiji vinachambuliwa miezi mingi kabla. Ukifika Machi utaambiwa bajeti imefungwa, na itakuwa kweli.

Mkazi wa Ilemela

Dada, nyinyi wa kijijini shukuruni. Sisi wa mtaa hatuna hata hicho ulichoelezwa na mzee. Mjini mtaa una mwenyekiti na kamati, tunachagua kama nyinyi, lakini si chombo kisheria kama kijiji. Hatuwezi kutunga sheria ndogo. Mwenyekiti wangu ana muhuri na kiti cha plastiki sebuleni kwake, basi.

Na mfano wa fedha kurudi juu tunao kila mwezi. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri zetu. 2016 ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. Tangu 2021 tunakatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, sasa 1,500. Ukusanyaji umekuwa rahisi, nakubali, hakuna anayenifuata mlangoni. Lakini zamani yule aliyekuja na kitabu cha risiti nilikuwa namuuliza: mtaro wa mtaa wetu lini? Leo nimuulize nani, mita?

Mhasibu wa Halmashauri

Nimesoma yote. Nafanya kazi kwenye halmashauri (si lazima iwe hiyo ya dada) na naomba upande wetu pia usikike.

Halmashauri nyingi za vijijini zinategemea ruzuku ya serikali kuu kwa sehemu kubwa sana ya bajeti. Mapato ya ndani ni kidogo na yana wenyewe tayari: asilimia 10 ya mikopo, sehemu ya miradi ya maendeleo, posho za madiwani, mafuta, umeme wa ofisi. Ushuru wa mazao nao ulishushwa 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mkulima alinufaika, lakini pengo halikuzibwa lote.

Pili, niseme wazi ingawa inaudhi. Vijiji vingi vilivyopelekewa fedha havikuleta hati za malipo. Akaunti hazina taarifa ya benki, waweka saini wawili kati ya watatu walishahama. Mkaguzi akija hoja inaandikwa kwa jina la mkurugenzi, si la mwenyekiti wa kijiji. Unapompelekea fedha mtu asiyeweza kuzitolea hesabu, wewe ndiye unayebeba mzigo. Ndiyo maana wengi wetu tunaona bora tujenge wenyewe kuliko kurudisha fedha taslimu, zisije zikaliwa.

Mwanika Dagaa

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Nimelinakili jibu lako lote kwenye daftari lilelile.

Ndugu mhasibu, nimekuelewa kuhusu hati za malipo, na hilo la waweka saini nitalifuatilia leo hii. Lakini neno "zisije zikaliwa" limeniuma. Sisi wanawake wa mwaloni tuna kikoba, tuko 22, mwaka wa tisa huu. Kila Jumapili sanduku linafunguliwa mbele ya wote, funguo tatu kwa watu watatu, na haijapotea hata shilingi mia. Choo kile cha matundu mawili tulijenga kwa kikoba hicho, na orodha ya mabati na misumari bado ninayo. Watu hao hao wakivuka kizingiti cha ofisi ya kijiji wanakuwa wezi? Kama hatujui kuandika hati ya malipo, hilo ni jambo la kufundishwa nusu siku. Mje mtufundishe.

Mhasibu wa Halmashauri

Samahani dada, neno lilikuwa zito. Una haki.

Na kwa kweli ushahidi upo upande wako. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati, kama shule, zinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na zilianza kutoa hesabu kupitia FFARS, mfumo wa hesabu za vituo. Watu walisema hivyo hivyo, kwamba mganga wa zahanati hawezi kuandika vitabu. Wakafundishwa, wakaweza. Kijiji hakina tofauti.

Basi nikupe cha kufanya. Nenda benki na mtendaji mkaulize hali ya akaunti ya kijiji. Isipotumika muda mrefu inalala, na akaunti iliyolala ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya kutokuletea fedha. Badilisheni waweka saini kwa muhtasari wa halmashauri ya kijiji. Kisha mtendaji aandike barua ya kuomba taarifa ya makusanyo ya mwalo wenu kwa robo mwaka. Mashine ya POS inaonyesha kila muamala, taarifa ya mwalo mmoja inatolewa kwa dakika chache. Ukiiweka pembeni ya daftari lako, mtazungumza lugha moja na ofisi ya mapato.

Mvuvi wa Homa Bay

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku Kenya tuna kaunti 47 tangu katiba ya 2010, na katiba inasema kaunti zote kwa jumla zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Imesaidia, siwezi kukataa: hospitali zimeongezeka na barabara za ndani zinapitika. Lakini msidhani fedha ikifika kaunti imefika ufuoni. Ibara ya 176 inaitaka kaunti nayo igatue kazi zake kwenda chini, na hapo ndipo mambo hukwama. Sisi wavuvi bado tunapanga foleni kwa ofisi ya kaunti kuuliza habari ya choo cha ufuo, kama wewe. Nairobi ilihama ikaja karibu tu. Shikilia hicho kijiji chenu chenye sheria yake, mama, sisi ngazi hiyo hatuna.

Mtendaji Mstaafu

Nyongeza mbili kabla sijasahau.

Mna nguvu ya sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inatunga, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Mnaweza kuweka ada ya kutumia choo na eneo la kuanikia, ikatunza choo hicho hicho. Lakini msitoze gunia. Gunia limeshalipiwa, mkilitoza mara ya pili mtawaumiza wanaowachagua na sheria yenu itakataliwa.

Na mshirikisheni BMU. Kikundi chenu cha usimamizi wa uvuvi kinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kina wenye mitumbwi, mabaharia wao na wachuuzi ndani yake. Zipo halmashauri zilizowahi kuzipa BMU kazi ya kukusanya ushuru wa mwalo kwa mgawo. Ilipokwenda vizuri ni pale hesabu ilipobandikwa mwaloni watu wakaisoma.

Mwanika Dagaa

Ndugu zangu, narudi kama nilivyoahidi kwa mzee kwenye simu. Imepita miezi miwili.

Benki tulikwenda, mimi, mtendaji na mwenyekiti, kwa bodaboda mbili. Akaunti ilikuwa imelala kweli, na mmoja wa waweka saini alifariki zamani. Tumeifufua. Mtendaji aliandika barua ya kuomba taarifa ya makusanyo, ikakaa wiki tatu, akaenda mwenyewe akaketi mlangoni mpaka akapewa. Kwa lile giza nililohesabu, taarifa yao ina magunia 431. Yangu yalikuwa 388. Maana yake mtoza ushuru wetu anaingiza, na tena anaingiza zaidi ya niliyoyaona. Nilikuwa nimemshuku moyoni, nilimfuata chini ya mwembe nikamwomba radhi. Alicheka, akanionyesha jinsi ya kusoma jumla ya siku kwenye mashine. Sasa kila jioni ananisomea jumla na mimi naandika.

Tatizo letu basi si wizi pale mwembeni. Ni kwamba fedha ikishaingia hakuna mtu wa kijiji anayejua kiasi chake, kwa hiyo hakuna anayeidai. Tumenunua ubao, tumeupaka rangi nyeusi, umetundikwa kwenye ukuta wa banda la BMU. Kila mwisho wa giza tunaandika kwa chaki: magunia mangapi, shilingi ngapi zimekwenda, shilingi ngapi zimerudi. Mstari wa mwisho bado ni sifuri. Mabaharia wanasimama kuusoma kabla ya kunywa uji.

Mkutano mkuu wa juzi akidi ilitimia, watu wakakaa hadi kwenye nyasi. Wamepitisha azimio la choo cha matundu sita, manne ya wanawake. Kuhusu sheria ndogo ya ada ya choo walibishana sana, wengine walisema mtu anayebeba ndoo za samaki asilipe. Tumeirudisha kwenye kamati tuiandike upya, na mimi nadhani walikuwa sahihi.

Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa Alhamisi. Diwani amekubali ajenda yetu iwe ya tatu. Nakwenda na daftari, taarifa ya mashine na muhtasari wenye muhuri, na mhasibu wetu wa humu amenitumia mfano wa hati ya malipo, tumeshaufanyia mazoezi kwenye kikoba.